Ngozi ya mninga, mwili wa paini

Kabati langu la kwanza la jikoni lilitengenezwa Njombe mwezi wa nne, mvua ikinyesha na ukungu ukilala juu ya mto Ruhuji mpaka saa nne asubuhi. Lilikuwa la paini, limepigwa vanishi yenye rangi ya mninga, milango sita na droo tatu. Fundi alilipakia kwenye Fuso lililokuwa likipeleka viazi Dodoma. Lilifika salama, likafungwa ukutani, majirani wakaja kulitazama. Mwezi wa tisa, nikiwa naosha vyombo, nilisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Mlango wa tatu ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Nilichukua sarafu ya shilingi 500 nikaisukuma kwenye ufa, ikazama yote.

Nilimpigia fundi simu. Hakubisha, wala hakuomba radhi.

"Dada, si nilikwambia uweke mninga?"

Maneno hayo utayasikia katika karakana nyingi kuanzia Makambako hadi Ludewa, na wateja nao wameyashika. Kabati likipinda, lawama ni za paini. Likidumu, sifa ni za mninga. Miaka imepita tangu ufa ule, nimesimama kwenye karakana nyingi vumbi la mbao likinikaba koo, na sasa naweza kusema nilichojifunza. Mlango wangu haukupasuliwa na paini, ulipasuliwa na maji. Na mninga, kwa jinsi ulivyobaki kidogo, ni mali ya kuvishwa usoni pa kabati, si ya kufichwa nyuma ya masufuria.

Wageni waliogeuka wenyeji

Ukitoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, huoni mninga vilimani. Unaona mipaini, unaona mikaratusi ambayo huku wengi huiita milingoti, na unaona miwati. Yote mitatu ni miti ya kigeni. Mpaini uliotapakaa zaidi katika nyanda hizi, ambao wataalamu huuita Pinus patula, kwao ni milima ya Meksiko. Mlingoti na mwati kwao ni Australia.

Mwati uliletwa kwa ajili ya ganda lake. Mwaka 1949 shirika la Kiingereza la maendeleo ya makoloni lilianzisha Tanganyika Wattle Company, inayojulikana kwa jina la TANWAT, pale Kibena, ili ganda likamuliwe tanini ya kutengenezea ngozi za viatu na mikoba. Ganda likishakwenda kiwandani, gogo lililobaki lilikuwa kuni na mkaa. Kwa jirani zetu wa Mufindi, Serikali ilipanda mipaini ya Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Kisha wanakijiji wakaona kuwa kilima kisichotoa mahindi ya maana kinaweza kutoa mbao. Mwaka 2014 programu ya Panda Miti Kibiashara, ya Tanzania na Finland, iliingia vijijini kufundisha watu kuchagua mbegu bora, kupunguza matawi na kujiunga katika vyama vya wakulima wa miti. Leo ekari tatu za mipaini kwa mzee wa Lupembe au Makete ni akaunti ya benki yenye majani.

Kasoro ya akaunti hiyo ni kwamba inafungwa mapema. Mtoto akichaguliwa kwenda chuo, au mgonjwa akilazwa, mti wenye miaka 8 au 10 unaangushwa, ilhali ungeachwa ufikishe 18 na kuendelea ungetoa mbao ya uhakika. Mbao ya katikati ya mti mchanga haijatulia. Nyuzi zake zimelegea, na ikikauka hujisokota kama kamba. Mashine ya kupasulia inayohamishika, ile wanayoiita dingdong, inafika shambani asubuhi, na jioni lori linaondoka na mbili kwa nne, moja kwa nane na moja kwa kumi, zote za futi 12. Ukiminya ubao wa namna hiyo kwa kidole gumba, unatoa maji. Kesho yake uko kwa fundi, keshokutwa ni mlango wa kabati.

Mwenyeji anayetoka mbali

Mninga ni mti wa miombo. Unaletwa kutoka Tabora, Katavi, Rukwa, Chunya na tambarare za Ruvuma, kwenye joto. Milima ya Njombe yenye jalidi ya Juni na Julai hauiwezi. Kwa hiyo hapa mambo yamegeuka: mti wa asili unafika kwa lori kama mgeni wa heshima, na mti wa Meksiko unaota nyuma ya choo.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao wana ugeni wao. Huko mbao za Afrika huwekwa kwenye rafu ya mbao za anasa, kila moja na jina lake la biashara. Mvule wetu unaitwa iroko. Mkangazi unaitwa mahogani ya Afrika. Mpingo, mti wa vinyago, unachongwa klarineti za okestra. Mtu wa huko anayejenga jiko la kifahari huulizia mbao hizo kama sisi tunavyoulizia marumaru ya Italia.

Sifa za mninga si za kusingiziwa. Ukiupiga randa, maranda hutoka kwa mkunjo mmoja mrefu, na karakana nzima hunukia. Rangi yake huanzia dhahabu iliyofifia hadi kahawia yenye wekundu, na ukiukata ukiwa mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mchwa hawaupendi. Zaidi ya yote, hausinyai sana, na hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake kwa maseremala: kosa la fundi kwenye mninga huchelewa kuonekana.

Ila huu si mti wa kuvunwa na aliyeupanda. Mninga huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri. Tulikwisha kuonywa. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya Lindi na Mtwara ilifikika kwa lori mwaka mzima, na magogo yakaanza kumiminika. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu wimbi hilo ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa na Serikali Kuu na halmashauri yalipotea. Miti iliondoka, na fedha hazikubaki.

Hata barabara kuu ya TANZAM inayokata Makambako ina hadithi yake. Kwa miaka kadhaa imepitisha malori yenye magogo mekundu ya mkurungu, ndugu yake mninga, kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, safari ya kuelekea China kunakotengenezwa samani nyekundu za kifalme. Mwaka 2019 mkurungu uliwekwa chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, jamii zote za Kiafrika za kundi la mninga, kundi la mkongo na kundi la mkangazi ziliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo. Maana yake si kwamba biashara imefungwa. Maana yake ni kwamba mzigo hauvuki mpaka bila kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji wake haumalizi mti.

Ndani ya nchi, mbao halali ya mninga ina makaratasi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hutoa kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha ambayo madereva huiita TP, na mzigo hugongwa nyundo yenye alama. Ukiuziwa mninga wa bei ya kutupa usiku nyuma ya karakana, jua unanunua kesi.

Hesabu ya ngozi

Tuseme mteja ana jiko lenye ukuta wa mita 3 na anataka makabati ya chini na ya juu. Nimelipima jiko la namna hiyo. Uso wa milango na droo, yaani sehemu ambayo mgeni anaiona, ni kama mita za mraba 4.2. Mwili wa makabati, yaani pembeni, chini, juu na rafu, ni kama mita za mraba 9. Ukiamua kila kitu kiwe mninga mtupu, milango ya unene wa milimita 20 na mwili wa milimita 18, utatumia karibu robo ya mita ya ujazo ya mbao iliyokwisha kupigwa randa. Vumbi na maranda yaliyobaki sakafuni hayamo humo.

Sasa vua mninga kwenye mwili, uubakize usoni tu, ngozi ya milimita 3. Mbao ya mninga inayohitajika inashuka hadi mita ya ujazo 0.013. Ni pungufu karibu mara 20. Mti uliotosha jiko moja sasa unatosha majiko ya mtaa.

Ngozi hiyo ndiyo vinia. Kiwandani, gogo la mbao ngumu hulainishwa kwa maji moto au mvuke, kisha kisu kirefu hulikata kama mpishi anavyokata kitunguu, karatasi baada ya karatasi. Kwa kuwa kisu hakitoi vumbi, unene wa inchi moja ukikatwa karatasi za milimita 0.6 hutoa karibu karatasi 40. Fundi wa mtaani hana kisu hicho. Ana msumeno wa meza, na msumeno hula milimita 3 kila unapopita. Hata hivyo, kutoka ubao mmoja wa inchi moja anaweza kupata ngozi nne za milimita 3. Nne kwa moja si haba.

Karatasi zinazokatwa mfululizo zina faida nyingine ambayo mbao nzima haina. Zinafanana. Ukizifungua kama kurasa za kitabu, mistari ya mti kwenye mlango wa kushoto inatazamana na mistari ya mlango wa kulia, kama vipande viwili vya doti ya kitenge vilivyolinganishwa na fundi cherehani anayejua kazi yake.

Kuna sheria moja ambayo asiyeijua atailaumu gundi. Ukivisha uso, visha na mgongo. Ngozi iliyogundishwa upande mmoja tu hukauka na kuvuta upande wake, na mlango huwa upinde. Mgongo hauhitaji mninga. Mlingoti au paini yenye unene uleule inatosha, mradi nguvu za pande mbili zilingane.

Nilimwona fundi mmoja wa Makambako akiifanya kazi hiyo bila mashine ya kukandamizia. Alipaka gundi nyeupe ya mbao kwa kipande cha plastiki kilichochanwa meno, akalaza ngozi ya mninga juu ya plaiwudi, akafunika kwa gazeti ili gundi inayojitokeza isishike ubao wa juu. Kisha akapanga mifuko minne ya saruji, kilo 200 kwa jumla, akaenda kulala. Asubuhi aligonga uso mzima kwa kucha, taratibu, akisikiliza. Mahali palipolia kama debe tupu alipatia alama kwa penseli. Pale gundi haikushika.

Vinia juu ya kamba

Ngozi ya mninga inahitaji mwili uliotulia. Mwili huo unatengenezwa palepale barabarani. Katika miaka ya karibuni, Mafinga, Makambako na Njombe zimepata viwanda vidogo vya vinia ya mlingoti, vingi vikiwa na mashine kutoka China. Gogo la futi nne lililomenywa ganda huwekwa kati ya roda zinazolizungusha, kisu kikiligusa ubavuni, na mti hukunjuka kama karatasi ya chooni mpaka kibaki kijiti chembamba kisichofaa kitu zaidi ya kuni. Mashine hizi hazichagui magogo makubwa tu, ndiyo maana mkulima aliyekuwa akiuza milingoti kama kuni amepata mnunuzi wa pili.

Karatasi zikitoka zimelowa. Huanikwa juani, safu baada ya safu, mpaka eneo zima linaonekana kama kijiji kilichofua mashuka siku moja. Zikishakauka hugundishwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, yaani tano, saba au tisa, kila moja ikilazwa kinyume na iliyo chini yake. Nyuzi za tabaka moja zinapotaka kusinyaa, za tabaka jingine zinazizuia. Hapo ndipo plaiwudi inaposhinda ubao mzima: haina upande wa kukimbilia.

Nchi hii ilishapita njia ya vinia kabla, na haikuisha vizuri. Katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna miti ya asili ya Usambara Mashariki kwa ajili ya plaiwudi, kwa msaada wa Finland. Msitu ule una viumbe visivyopatikana popote pengine duniani. Wanasayansi na wahifadhi walipaza sauti, uvunaji wa mashine ukasimamishwa, na mwaka 1997 sehemu ya msitu ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Miaka 17 baadaye Finland ileile ikawa Njombe, safari hii ikifundisha watu kupanda. Sioni kichekesho hapo. Naona somo kwamba vinia yenyewe haina dhambi, inategemea kisu kimewekwa kwenye mti gani.

Upepo wa Makambako

Turudi kwenye ufa wangu. Mti uliokatwa una maji ya aina mbili. Yapo yaliyojaa kwenye matundu yake, ambayo hutoka kwanza bila madhara. Yapo yaliyojificha ndani ya kuta za nyuzi, na hayo yakianza kutoka, unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, mbao huanza kusinyaa. Haisinyai kwa urefu. Husinyaa kwa upana. Ubao mbichi wa paini wenye upana wa sentimita 20, ukikauka hadi asilimia 12, unaweza kupungua milimita 6 hadi 8. Wa mninga hupungua kama nusu ya hapo au chini yake.

Mlango wangu ulitengenezwa wakati wa mvua kwa mbao iliyopasuliwa juzi, ukapelekwa Dodoma kwenye hewa kavu, na ubao wake ulikuwa umegongwa misumari pande zote nne. Ulitaka kusinyaa, ukakosa nafasi, ukachanika. Fundi angekata mfereji ndani ya fremu na kuuacha ubao ukae humo bila gundi wala msumari, ungesinyaa kimyakimya na mimi nisingejua. Maseremala wa zamani walijua hilo. Tazama milango mizito ya makanisa na misikiti ya kale: vipande vingi vidogo ndani ya fremu, kila kimoja na nafasi yake ya kupumua.

Lakini dawa ya kwanza ni kukausha, na Mungu amewapa watu wa mkoa huu kikaushio cha bure. Makambako ni mji wa upepo, upepo ambao wawekezaji wameutafutia mitambo ya umeme. Mbao zikipangwa juu ya matofali, sentimita 40 kutoka ardhini, vijiti vya unene mmoja vikiwekwa kati ya kila safu na kunyooshwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, bati likiwekwa kichwani na pembeni pakiachwa wazi, upepo huo hufanya kazi ambayo tanuri la kukaushia hutoza fedha. Ubao wa paini wa inchi moja katika kiangazi unahitaji miezi miwili au mitatu. Njombe mjini, kwenye ukungu, ongeza muda au peleka mzigo Makambako.

Utajuaje kama umekauka? Kipima unyevu kinauzwa madukani, na karakana yenye wateja wa mbali isingepaswa kukosa kimoja. Asiye nacho ana mizani. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, ukipime. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 105, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usibadilike. Kama kilikuwa gramu 560 na sasa ni 400, kimepoteza 160. Gawanya kwa 400: unyevu ulikuwa asilimia 40. Ubao huo haujafaa hata kwa kiti cha jikoni. Kama kilianza na gramu 448, ulikuwa asilimia 12, na sasa unaweza kuzungumza na mteja wa Dodoma.

Dekio na sinki

Wanawake wa Kitanzania tunadeki. Sakafu ya jikoni inamwagiwa maji asubuhi na jioni, na kabati lililokaa chini moja kwa moja hunywa kila siku. Chipbodi na MDF zikilowa huvimba kama andazi na hazirudi. Mninga wenyewe, kwa miaka, hubadilika rangi miguuni. Suluhisho halina anasa: jenga kitako cha zege cha sentimita 10, kivike vigae, kabati likae juu yake. Chini ya sinki weka plaiwudi inayostahimili maji, na ncha zake zote, pale msumeno ulipopita, zipakwe vanishi mara mbili kabla ya kufungwa. Maji huingia kwenye mbao kupitia ncha kama yanavyopanda kwenye mirija.

Kuna jambo la hatari zaidi. Paini ya kuezekea huuzwa ikiwa imetiwa dawa, na huwa na rangi ya kijani. Dawa inayotumika zaidi kwenye nguzo na mbao za paa ina shaba, kromiamu na aseniki. Mbao hiyo ni ya paa na uzio. Haipaswi kugusa sahani, unga wala mkate, na mabaki yake yasitumike kupikia, kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu. Mteja anayeona kijani ndani ya kabati la vyombo akatae bila aibu. Na fundi naye ajihurumie. Vumbi la mninga na hasa la mvule huwasha ngozi na kubana pumzi. Barakoa ni bei ya soda.

Bawaba kutoka mbali, chuma kiko nyumbani

Baada ya yote hayo kabati linahitaji bawaba, reli za droo, skrubu na vitasa. Fungua sanduku lolote la bawaba katika duka la vifaa Makambako, utasoma China au Uturuki. Wakati huohuo, katika wilaya ya Ludewa, ndani ya mkoa huu, upo mlima wa Liganga. Chini yake yamekadiriwa kuwepo madini ya chuma tani milioni 126, yenye titaniamu na vanadiamu, na jirani yake Mchuchuma kuna makaa ya mawe. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011. Tangu hapo Liganga imetajwa katika hotuba nyingi za bajeti na kampeni kuliko ilivyotajwa katika risiti za duka.

Mtu wa Mundindi, hukohuko Ludewa, hakukaa kuingoja. Alipanda mipaini. Mche uliotiwa ardhini mwaka wa mkataba ule sasa unatosha kupasuliwa mbao, na usipokatwa una thamani zaidi mwakani. Siku chuma kitakapoyeyushwa, mlango utakaofungwa kwa bawaba ya Liganga utastahili kuwa mlango usiopasuka. Maandalizi ya siku hiyo hayahitaji mkataba wala mwekezaji. Yanahitaji vijiti vya kupangia, bati, matofali na subira ya miezi miwili.

Subira hiyo inaanzia kwa mteja. Fundi hukimbilia mbao mbichi kwa sababu tunamwambia harusi ni Jumamosi. Hufungia mninga kwenye rafu za ndani kwa sababu tunapenda kuwaambia wageni kwamba kila kitu ni mninga. Tukibadili maswali, atabadili kazi. Ukiingia karakanani safari ijayo, usianze kwa kuuliza ni mti gani. Uliza ulipasuliwa lini, umekaushwa wapi, na umwombe fundi akuonyeshe mgongo wa mlango kabla hujaushangilia uso wake.